Koleo la Kuokotea Barua

Barua za ofisi ya leseni za televisheni Cyril Bagnall hakuzigusa kwa mkono. Zilipopenya katika tundu la mlangoni na kulala chali juu ya zulia, maandishi yake mekundu yakisomeka hata na asiyevaa miwani, alikwenda kwenye meko ambayo haikuwa imewashwa kwa miaka mingi, akatwaa koleo la makaa, akaibana barua kwa ncha zake, akaibeba mkono wake ukiwa umenyooka mbele, kama mtu anayemtoa panya aliyefia chini ya kabati. Aliitumbukiza katika bakuli kubwa la supu lenye ufa, akalifunika. Kisha alinawa, ingawa mikono yake haikuwa imegusa kitu.

Zaidi ya yote alichukizwa na jina. Barua zote ziliandikwa kwa “Mkaazi Halali”. Yeye ameishi nambari kumi na moja, Mtaa wa Adkin, mjini Burslem, kwa miaka arobaini na mitatu. Jeneza la mkewe lilitolewa katika mlango uleule ambamo barua zile zilikuwa zikiingizwa. Na bado mwandishi wake hakujipa taabu ya kutafuta jina. Barua ya kwanza ilikumbusha, ya pili ilionya, ya tatu ilitangaza kwamba uchunguzi umefunguliwa juu ya nyumba yake. Hapakuwa na hata moja iliyouliza iwapo anayo hiyo televisheni inayolipiwa leseni.

Hakuwa nayo. Aliwahi kuwa nayo, hadi Edna, mkewe, alipolazwa kwa mara ya mwisho. Katika wodi ile palikuwa na televisheni iliyotundikwa ukutani juu ya vitanda sita, nayo haikuzimwa, kwa sababu rimoti ilikuwa imepotea na kila muuguzi alidhani mwenzake anaitafuta. Edna alikata roho saa kumi alasiri, katikati ya mchezo wa maswali, wakati watu wa studio walipokuwa wakimcheka mshindani aliyekosa jibu. Cyril aliushika mkono uliokuwa ukipoa huku kile kicheko kikimmiminikia kichwani. Alipomaliza mazishi aliibeba televisheni yake hadi duka la hisani linalouza vitu vilivyotolewa sadaka, akaiandikia ofisi ya leseni barua moja fupi kwamba hatazami tena, na kwa upande wake akaona jambo limekwisha.

Alizoea mambo kwisha namna hiyo. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa mkaguzi wa vyombo katika kiwanda cha udongo. Kikombe kilipotoka tanuruni alikining’iniza kwenye kidole, akakigonga kwa fundo la kidole kingine, akasikiliza. Kilicho kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa usioonekana hutoa sauti bubu. Aligonga mara moja tu. Hapakuwa na mtu kiwandani, hata msimamizi, aliyethubutu kumwambia agonge tena.

Kwa sifa hiyo ndipo mtaa ukamfanya mtunza funguo. Karibu na mlango wake palikuwa na ubao wenye misumari saba, na katika kila msumari ufunguo wa nyumba ya jirani, ukiwa na kipande cha utepe wa rangi yake. Aliyejifungia nje alikwenda kwa Cyril. Aliyesafiri alimwachia Cyril maua na paka. Tangu Edna aondoke, ubao ule ndio uliomfanya mtu anayehitajiwa na watu. Kila asubuhi aliupangusa vumbi kabla hajapangusa kitu kingine chochote.

Afisa wa leseni alikuja Jumanne moja ya mwezi wa Oktoba, mchana, akiwa amevaa koti la mvua na kutafuna peremende kali ya mnanaa iliyonuka hadi kizingitini. Kadi iliyoning’inia shingoni ilimtaja kuwa Craig Fallows.

“Wewe ndiye Mkaazi Halali?”

“Mimi ni Bagnall.”

“Haya, Bwana Bagnall. Karatasi zangu zinasema nyumba hii haina leseni.”

“Karatasi zako zimesema kweli. Sina televisheni. Niliwaandikia miaka minne iliyopita.”

“Tamko lile hudumu miaka miwili, mzee wangu. Muda wake umepita.”

“Yaani neno langu limechacha, kama maziwa?”

“Si mimi niliyeweka taratibu. Niruhusu niingie, dakika mbili tu, nichungulie sebuleni, tuachane kwa amani.”

“Unayo hati ya mahakama?”

“Leo sina.”

“Basi na mimi leo sina dakika mbili.”

Bwana Fallows aliihamisha peremende kutoka shavu hili hadi lile, akarudi nyuma hatua moja, na kwa sauti iliyofika ng’ambo ya barabara akasema, “Asiye na cha kuficha hutufungulia, mzee. Nitarudi.”

Mlango wa nambari kumi na tatu ulikuwa wazi. Bi Glenys Machin, mjane aliyeshiriki ukuta mmoja na Cyril, alisimama pale na ufagio usiofagia kitu.

“Kumbe wewe ni jambazi sugu, Cyril,” akasema afisa alipokwisha kuondoka. “Na upole wako wote huo. Umeificha wapi? Chini ya kitanda?”

“Sina televisheni, Glenys.”

“Haya, kipenzi, haya. Mimi sikuulizi.”

Kesho yake alibisha hodi. Utani ulikuwa umemwisha, na macho yake yalitazama ubao wa funguo, si uso wa mwenye nyumba.

“Naomba ule ufunguo wangu. Mpwa wangu anakuja Ijumaa, atauhitaji.”

“Mpwa yupi?”

“Yule wa Crewe.”

“Yule wa Crewe hamsemezani tangu mazishi ya dada yako.”

“Tumepatana.”

Cyril aliisikia ile sauti bubu waziwazi, kana kwamba amemgonga kwa fundo la kidole. Aliuondoa ufunguo wenye utepe mwekundu, akampa. Wiki iliyofuata Bwana na Bibi Sidley wa nambari nane walichukua wa kwao, wakidai wanabadilisha kitasa. Kitasa chao ni kilekile hata leo. Misumari miwili ikabaki mitupu. Cyril alipokuwa akiupangusa ubao, kitambaa kilinasa katika vichwa vya misumari ile, na kila kiliponasa alikinasua taratibu.

Aliyapima mambo kwa haki. Kama angemfungulia afisa mlango mchana kweupe, mtaa mzima ukiona, kisha afisa akatoka bila kupata kitu, mdomo wa mtaa ungefungwa na funguo zingerudi. Hilo lilikuwa jepesi. Lakini kumkaribisha mtu aje kukupekua ili jirani zako wapate kukuamini kulimtia kinyaa kuliko barua zote zilizokuwamo katika bakuli la supu. Akasema moyoni kwamba hatafungua. Akasema hivyo kwa majuma matatu, akiitazama misumari.

Siku ya pili ya afisa ilikuwa alasiri ya Novemba, mvua ikinyesha kiubavu. Cyril alikuwa kitini. Ng’ambo ya ukuta, kwa Glenys, televisheni ilikuwa ikiendelea na mchezo wa maswali, uleule, na watu wa studio walikuwa wakicheka. Kwa kicheko hicho Cyril alikuwa na desturi ya kuongeza sauti ya redio. Mara alisikia mlango wa kumi na tatu ukigongwa, na kile kicheko kikakatwa katikati, kama koo lililokabwa.

Kimya. Mlango uligongwa tena. Haukufunguliwa.

Cyril aliizima redio. Mambo yalijipanga mbele yake moja baada ya jingine, bila haraka. Glenys hakuwa na leseni. Alikuwa na televisheni pana kama meza ya kulia, ambayo Cyril ameiona mara nyingi alipokwenda kumlisha paka. Ufunguo Glenys hakuuchukua kwa sababu alidhani Cyril ni mwongo. Aliuchukua kwa sababu alijua kwamba si mwongo, na kwamba afisa akirudi na kumwuliza, angejibu kweli, tena ufunguo akiwa nao mkononi.

Sasa ukagongwa mlango wa kwake. Bwana Fallows alikuwa amelowa hadi kwenye nyusi, na peremende ilikuwa palepale.

“Nimerudi, kama nilivyoahidi. Jirani yako naye hataki kufungua. Nanyi mko ukuta mmoja.” Akaelekeza kichwa upande wa nambari kumi na tatu. “Wewe mtu wa kweli, naona. Huwa unasikia televisheni upande ule?”

Neno moja lingetosha, tena lingekuwa la kweli. Cyril aliona pazia la kumi na tatu likitikisika kidogo. Alichukizwa na jirani aliyejibanza nyuma ya pazia lile, akachukizwa zaidi na mtu huyu aliyemwita mkweli kwa mara ya kwanza siku alipomtaka awe mchongezi.

“Umekuja kunikagua mimi,” akasema. “Ingia.”

“Bila hati?”

“Panguza viatu.”

Bwana Fallows aliingia. Aliona kiti kimoja, redio, picha ya Edna, na juu ya zulia mashimo manne madogo mahali pa meza ya zamani ya televisheni. Aliinama, akayatia kidole moja baada ya jingine, kama daktari anayebonyeza uvimbe. Alipanda ghorofani, akafungua kabati la nguo, akasukuma kando magauni ya Edna yaliyokuwa bado yametundikwa. Cyril alisimama mlangoni na kutazama ukutani hadi magauni yalipoacha kuyumba. Waliposhuka, afisa alifunua bakuli la supu.

“Umezihifadhi zote.”

“Sikuzihifadhi. Nimezitenga.”

“Kumekuwa kimya ghafla upande wa pili,” akasema Bwana Fallows, akiegemeza sikio kidogo upande wa ukuta. Wote wawili walijua kwamba nyuma ya matofali yale kulikuwa na mtu anayezuia pumzi. “Kwa hiyo? Huyo wa kumi na tatu?”

“Nimekuonyesha ya kwangu. Ya jirani kamwulize jirani.”

Bwana Fallows alitabasamu. “Hilo nalo ni jibu, mzee wangu.”

Aliandika maneno mawili matatu, akamshukuru, akatoka. Aligonga tena kwa Glenys, akangoja, akaitazama saa, akaitazama mvua, akaenda kwenye gari lake. Cyril alifungua madirisha yote, mvua ikaingia, lakini harufu ya mnanaa haikutoka upesi. Tabasamu lile ndilo lililomkera kuliko kidole kwenye zulia. Hakusema uongo wala hakuchongea, na hata hivyo alijiona amechafuka pande zote mbili.

Asubuhi iliyofuata Glenys alikuja na chapati za shayiri zilizofungwa katika karatasi, mvuke ukitoka.

“Za moto, kipenzi. Nimekuwekea jibini ndani.”

“Nimekwisha kula.”

“Alikuuliza habari zangu?”

“Aliuliza.”

“Ukamjibuje?”

“Kwamba akuulize wewe.”

Glenys alipumua kwa kishindo, akacheka, akampiga Cyril kofi jepesi begani. “Jana nilipokuona unamkaribisha ndani, nikasema nimekwisha mimi. Wewe mtu akikuuliza saa unamtajia na sekunde. Nilijua utanitaja tu, wallahi.”

“Na mpwa wa Crewe?”

“Tuachane naye huyo. Nilikuwa naogopa, Cyril.” Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo wenye utepe mwekundu. “Shika. Nimewaambia na wenzetu, jamani, yule ni mtu wa kuaminika.”

Cyril aliutazama ufunguo. Kwa majuma mengi alikuwa ameutamani urudi, na sasa ulikuwa unarudi kama malipo ya kunyamaza.

“Lipa leseni, Glenys.”

“Nitalipa. Mwisho wa mwezi, ukweli wa Mungu.”

Sauti bubu. Cyril alisikiliza mara moja tu, akageuka, akaingia ndani. Glenys, akidhani ameendea sahani, aliinua ile karatasi ya chapati. Cyril alirudi na koleo la makaa.

“Hilo la nini?”

“Weka hapa.”

Glenys alicheka. Kisha aliona kwamba anacheka peke yake. Koleo lilikuwa limefunguka mbele yake, mkono wa Cyril ukiwa umenyooka kama kawaida, na kizingiti kizima kikiwa katikati yao.

“Mimi nakuletea kwa mapenzi, wewe unanipokea kama mavi ya mbwa.”

“Mwezi ujao unakwenda pwani siku kumi. Paka atakula kwa nani?”

 Glenys aliuweka ufunguo kati ya ncha mbili za chuma, taratibu, na Cyril akazibana. Alimwambia siku njema, akafunga mlango. Chapati zilibaki nje na mwenyewe. Aliubeba ufunguo hadi kwenye ubao, akautundika katika msumari wake bila kuushika. Msumari wa akina Sidley ulibaki mtupu. Alilirudisha koleo mekoni, akaenda kwenye sinki, akafungua bomba, akajipaka sabuni hadi viwiko.

Alipokuwa bado ananawa, ng’ambo ya ukuta watu wa studio walianza tena kucheka.