Karakana ya Wifi na Nguzo za Mnadani

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unamwita Cheche. Hata wanawe wakimtafuta huuliza, "Mmemwona Cheche?" ndipo wakumbuke kwamba ni mama yao. Ni mfupi, mwepesi, mikono imejaa alama ndogo ndogo za moto, na akicheka anasikika barabara ya pili. Kaka yangu yeye ni mrefu kama ngazi, fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini ambaye ukitaka kumsikia lazima usogee. Mimi ni msusi, na nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Haya sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Kwa miaka mingi Cheche alifanyia kazi mbele ya nyumba, chini ya turubai lililofungwa upande mmoja kwenye ukuta na upande wa pili kwenye mlingoti wa taa. Mageti alitengeneza pale, vitanda vya chuma, madirisha, majiko. Lakini kazi kubwa zilimpita hivi hivi, akizitazama.

Siku moja akaja mwenye mabasi. Alikuwa na mabasi kadhaa yaliyochakaa fremu, viti vimelegea, ngazi za nyuma zimekatika, na alitafuta fundi wa kudumu. Akazunguka, akashika geti moja lililokuwa limeegemezwa ukutani, akalitikisa kwa nguvu. Halikucheza.

"Mama, kazi yako nimeipenda," akasema. "Lakini basi langu utaliingiza wapi? Chini ya hili shuka?"

Wifi hakupepesa macho. "Nipe miezi mitatu, mzee. Utaliingiza ndani ya karakana."

"Karakana gani?"

"Yangu."

Mwenye mabasi akacheka, lakini akampa mkono. Jioni ile wifi alimweleza mumewe, na kaka yangu alikuwa na pini mdomoni. Nusura azimeze.

Kiwanja walikuwa nacho, nyuma ya nyumba, kikubwa, kimeachwa na baba yetu, na kinagusa barabara ya changarawe inayopitika hata na lori. Kilichobaki kilikuwa kujua gharama. Wakamwita mkandarasi. Akaja na viatu vinavyong'aa, akapima, akakuna kichwa, akatupigia hesabu ya msingi, matofali, zege, lenta, plasta, milango. Alipotaja jumla, kaka yangu aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, taratibu, kama mtu anayeshushwa na kamba.

"Hiyo ni karakana au uwanja wa ndege?" wifi akauliza.

"Mama, vitu vimepanda bei."

"Na mimi ningepanda, basi!" Sote tukacheka, hata mkandarasi. Kisha wifi akakitazama kile kiwanja. "Ngoja kwanza. Hela nyingi inakwenda wapi hapo?"

"Msingi na kuta. Zaidi ya nusu."

"Na mimi kuta za nini? Mimi nataka paa, na kitu cha kulishikilia hilo paa."

Mkandarasi akainua mabega. "Labda banda la nguzo. Unachimbia nguzo ndefu ardhini, unapiga paa juu, basi. Pembeni utaziba na chochote. Lakini nguzo imara zilizotiwa dawa nazo zina bei yake."

Tangu saa ile wifi hakulala usingizi wala hakula akashiba. Kila alipopita aliangalia nguzo. Akiwa njiani kwenda sokoni anagonga nguzo ya uzio wa watu kwa kidole, mwenye nyumba anatoka kuangalia nani anabisha. Alikuja saluni kwangu, akakaa nimsuke, na nilipomwinamisha kichwa alikuwa anahesabu kwa sauti: "Nne huku, nne kule, katikati nne..." Wateja wangu wakadhani anasali.

Habari aliipata kwa fundi umeme mmoja. Shirika la umeme lilikuwa linabadilisha nguzo za mbao kwa za zege, na zile za zamani zingepigwa mnada kwenye yadi nje ya mji. Wifi alikuja mbio mpaka kandambili moja ikabaki njiani.

"Nguzo za umeme!" akasema, anahema. "Zimekaa mvuani miaka na miaka na bado zimesimama. Unaelewa maana yake?"

Nilielewa. Nani asingeelewa, vile alivyokuwa amenishika mabega?

Walihesabu akiba yao, wakatenga mafungu matatu: nguzo, gari la winchi la kuzisimamisha, na paa. Mnadani tulikwenda watu watatu, na maagizo yalitolewa mapema. Wifi ndiye atakayenunua. Kaka yangu asifungue mdomo. Mimi nishike mkoba.

Yadi ilikuwa imejaa watu. Nguzo zimelazwa kwa marundo, nyeusi, zinanuka dawa, na kila rundo lina namba iliyoandikwa kwa chokaa. Wifi alipita na nyundo yake, akagonga kila rundo, ameinamisha sikio. Nguzo nzima ililia kama ngoma, iliyooza ndani ililia kama boga. Akachagua rundo la saba, nguzo kumi na mbili. "Hili," akasema kwa kunong'ona. "Wengine waende na maboga yao." Kisha akasema anakwenda kuangalia marundo ya mwisho, endapo hili litatuponyoka.

Dalali alisimama juu ya pipa, sauti imeshaanza kumkauka. Tulijua ataanza na rundo la kwanza. Lakini jamaa akaruka, sijui kwa nini, akaanza na la saba.

"Rundo namba saba! Nani anaanza?"

Kaka yangu akageuka huku na huku. Mke haonekani. Mbele yetu ni migongo tu ya wanaume warefu. Jasho likamtoka.

"Laki mbili hapa mbele!" dalali akaita. "Nani anaongeza?"

"Kaka, tulia," nikamwambia. "Wifi atakuwa ameshasikia."

"Hajasikia! Yuko kule mwisho!" Na kabla sijamshika mkono, ule mkono ulishapanda juu, na kwa jinsi alivyo mrefu, ulionekana yadi nzima. Kisha ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu tuzaliwe. "Laki mbili na nusu!"

Watu wakageuka. Hata mimi niligeuka kutafuta nani kasema.

"Laki tatu, hapa mbele!" dalali akajibu.

"Tatu na nusu!"

"Nne, hapa mbele!"

Kulikuwa na mtu kule mbele ambaye hakusema neno, alikuwa anainua kitu tu, na dalali anamsomea. Kaka yangu aliwaka. Macho yamemtoka, shingo imejaa mishipa, anaruka kama yuko mpirani. Nilimvuta shati mpaka kifungo kikakatika, na shati lile alilishona mwenyewe.

"Nne na nusu!"

"Tano, hapa mbele!"

"Sita!" kaka yangu akanguruma. Yadi ikaguna. Dalali akamtazama mtu wa mbele, akangoja, akatikisa kichwa. "Sita ya kwanza, sita ya pili... Imekwenda kwa yule baba mrefu!"

Watu wakampigia makofi. Kaka yangu akapasua katikati yao, meno yote nje, kwenda kulipia, mimi nyuma yake na mkoba. Na pale mbele, karibu kabisa na pipa la dalali, amesimama wifi yangu. Ameshika nyundo yake, ile aliyokuwa anaiinua, na machozi ya hasira yanamlengalenga.

"Kuna mshenzi mmoja huko nyuma," akamwambia mumewe, "ameninyang'anya nguzo zangu! Ana sauti kama lori! Nikimwona..."

Akakatiza hapo. Alimtazama mumewe, akatazama ule mkono ulionyooshwa kwa dalali, akatazama kifungo kilichokosekana.

"Ni wewe?"

Kaka yangu sauti yake ya kawaida ikarudi. "Nilidhani uko kule mwisho," akasema, na ilibidi tusogee kumsikia.

Nilingoja dunia ipasuke. Badala yake wifi akaketi chini, palepale kwenye vumbi, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, dalali akashuka kwenye pipa kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akalazimika kuegemea hilo pipa. Yadi nzima ikaambizana. Walikuwa wameshindana wenyewe kwa wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na mtu mwingine hata mmoja.

Bei haikushuka, nyundo ya mnada ikishapigwa imepigwa. Ila dalali, bado anafuta macho, alituonyesha lundo la vyuma kwenye kona, vile vibano na bolti ndefu zilizokuwa zinashikilia nyaya juu ya nguzo. "Vichukueni, vimekosa mtu. Kicheko kama hiki sijakipata mwaka mzima."

Hivyo ndivyo pesa ya gari la winchi ilivyokwisha. Ilimezwa na mke na mume wakipandishiana. Lori lilipoleta nguzo nyumbani na kuzilaza kiwanjani, tulisimama tukazitazama. Kila moja ilikuwa na uzito wa kuwatoa wanaume wanane jasho.

"Tutazisimamishaje?" nikauliza.

Wifi alikuwa tayari amepiga magoti, anachora kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Akachukua mabomba matatu mazito yaliyobaki kwenye kazi ya tangi la maji, akayaunganisha juu kwa pini nene, yakawa miguu mitatu mirefu kuliko nyumba. Akaazima winchi ya mnyororo kwa fundi magari, ile ya kunyanyulia injini, akaining'iniza katikati. Alichomelea siku nzima. Kila nilipochungulia niliona mwanga wa bluu na kusikia mtu anapiga mluzi ndani ya kinyago cha chuma.

Mashimo tulichimba kwa zamu, marefu kufika kiunoni. Ncha za chini za nguzo zikapakwa lami. Jumamosi ya kusimamisha, majirani walikuja bila kuitwa, wengine kusaidia na wengine kuhakikisha hawakosi kuona kitakachoanguka. Wifi akashika mnyororo. Nguzo ya kwanza ikainua kichwa polepole, ikatikisika, ikasimama hewani inaning'inia. Kisha ikaanza kuzunguka.

"Shikeni kamba!" Ile sauti ya mnadani ikarudi. Kaka yangu alikuwa amesimama na timazi mkononi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima, jicho moja amelifumba. "Kushoto! Kushoto kidogo! Basi! Shusha!"

Ikaingia shimoni kama mguu kwenye kiatu. Wee! Kelele zilizopigwa pale, ungedhani tumefunga goli. Nilirukaruka na mtu ambaye mpaka leo simjui. Na zikafuata nyingine, moja baada ya nyingine, na kaka yangu hakukubali hata moja iegemee kwa upana wa uzi. Mtu aliyezoea kunyoosha mishono, nguzo atazionaje zimepinda?

Vile vibano vya bure vilifunga mbao za paa. Mabati walichukua kwa pesa iliyobaki, pamoja na mkopo mdogo wa muuza vifaa. Kuta ndizo zilizokosa fungu, na hapo kaka yangu akaleta marobota ya turubai nzito, akaazima cherehani ya kushonea ngozi, akashona kuta nne zenye matundu ya chuma, za kuvuta na kufungua kama pazia. Wifi alipoziona zimening'inia aliivuta moja mpaka mwisho, akairudisha, akaivuta tena, kama mtoto.

Walipojumlisha yote, nguzo za kupandishiana zikiwemo, haikufika nusu ya bei ya mkandarasi. Wifi alitangaza hesabu hiyo mbele ya watu wote, na kila alipofika kwenye nguzo alimtazama mumewe.

Basi la kwanza liliingia kabla miezi mitatu haijaisha. Mwenye mabasi alishuka, akatazama juu, akaizunguka nguzo ya katikati, akajaribu kuitikisa kwa mikono miwili. Akamwambia wifi kwamba la pili liko njiani.

Sasa kuna mabasi mawili mle ndani siku nyingi, na pikipiki, na trela la mtu wa mahindi. Kaka yangu amehamishia cherehani kona ya mashariki, anashona viti vya mabasi hayo hayo, na deni la mabati limebaki kidogo. Mimi nami niliomba kona ya saluni. Wifi alinitazama, akatazama nywele za mteja niliyekuja naye, akawasha mashine, cheche zikaruka. Sikuhitaji jibu jingine.

Jumapili iliyopita nilipita kuwasalimia nikawakuta nje, upande wa nyuma, wameshika kamba kila mmoja ncha yake, wanarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwenye uzio.

"Mnafanya nini tena?" nikauliza.

"Wifi, nyamaza kidogo," Cheche akasema, macho yanamwaka. "Tunapima."