Siku Ziwa Lilipofuka Moshi

Nilikuwa bado chuoni nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ngumbo. Nimekulia juu, Mbinga, kwenye baridi na mashamba ya kahawa. Ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, kama kipande cha anga kilichoshuka nyuma ya milima. Sasa nililala na kuamka na sauti yake, na hata darasani nilijihisi kama niko katika ndoto ya mtu mwingine.

Siku hiyo somo lilikuwa insha, Darasa la Nne. Mwalimu aliyenisimamia, mama aliyekaribia kustaafu, alikaa nyuma, andalio langu la somo mapajani. Niliandika ubaoni: "Safari yangu ya mjini." Watoto wakanakili kichwa kwa mwandiko mzuri, wakakipigia mstari, kisha wakatulia. Nikaeleza tena, nikatoa mifano ya stendi na maduka. Walinitazama kwa adabu, na hakuna kalamu iliyosogea.

Nikageukia dirishani kuficha aibu, nikaona moshi. Ulisimama juu ya maji, mweusi na mrefu, ukijipinda taratibu.

"Jamani, kuna boti inaungua!"

Darasa zima likaangua kicheko. Hata mwalimu wangu alifunika mdomo kwa khanga.

"Siyo moto, mwalimu," alisema msichana wa dawati la mbele, ambaye tangu nifike alikuwa hajaniambia lolote zaidi ya shikamoo. "Ni wadudu. Wanatoka ziwani."

Akawataja kwa Kinyasa. Mimi, Mmatengo wa milimani, sikulishika neno lile, nikamwomba arudie, nikalikosea, wakacheka tena.

"Upepo unawaleta huku," akasema. "Tufunge madirisha."

Tukafunga mbao zote na mlango. Mchana ule ukawa giza. Nje kulikuwa na mvumo laini, kama manyunyu ambayo hayafiki chini. Wachache walipenya kwenye nyufa, wakaelea katika vijistari vya mwanga kama pumba za mahindi. Wadogo kama mbu, lakini hawaumi. Kuandika kusingewezekana, basi nikasema tu, "Niambieni. Mimi ni mgeni, sijui chochote."

Wakaanza kuongea gizani. Sikuona nyuso, zilinijia sauti. Mmoja alisema mama yake huwakamata kwa ungo, huwaponda na kuwakausha, na kwamba ni watamu kuliko usipa, dagaa wa ziwani. Mwingine alisema mbwa wao hubweka angani. Kisha nikasikia sauti ya yule msichana, chini sana: "Baba yupo mgodini Ngaka, anaendesha lori la makaa ya mawe. Wadudu wakija, bibi anasema ziwa linapumua. Mimi napumua nalo, pole pole, ili baba asikie."

Hakuna aliyecheka. Nami nilisikiliza darasa zima likivuta pumzi.

Mvumo ulipopungua tukafungua madirisha, na mwanga ukaingia kwa wingi hadi tukafinya macho. Nikafuta ubao.

"Sasa andikeni hayo mliyoniambia."

"Na safari ya mjini, mwalimu?"

"Iacheni."

Waliinama wote mara moja. Yule msichana aliinua mkono kuuliza kama neno la Kinyasa linaruhusiwa kwenye insha. Nikamtazama mwalimu wangu kule nyuma. Hakusaidia, alikuwa akifuta miwani yake. Nikamwambia aliandike, kwa sharti anifundishe kulitamka.

Kengele ilipolia hawakutoka. Walipomaliza nikakusanya madaftari. Ofisini, mwalimu wangu aliniuliza, "Andalio lako linasema nini?"

"Naomba radhi, mwalimu, nimeliacha njiani."

"Nimeona." Akavuta rundo la madaftari, akaanza kusoma. Baada ya kurasa kadhaa akatabasamu, akasema bila kuinua macho, "Huyu wa mbele nimemfundisha miaka miwili. Nilidhani hajui kuandika."

Akaendelea kusoma. Nami nikatoka nje, nikasimama kwenye mchanga. Maji yalikuwa yametulia, na watoto walikuwa wakishuka mbio na nyungo za mama zao kukusanya wadudu waliobaki.