Turubai Lisilokauka

Mimi nauza vipuri vya magari pale Suneka, kwa hiyo usinifundishe mambo ya turubai. Wateja huja na malalamiko yao: limepasuka, linavuja, limeota ukungu. Nawauliza, umeliosha na nini? Sabuni ya unga na maji moto? Basi pole yako. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyeweza kutunza turubai la gari inavyotakiwa, naye ni mama yangu, ambaye hajawahi kushika usukani.

Gari lilikuwa la baba. Ni kigari kifupi, kizee, aina ile ya kupanda milima, na juu hakina bati bali turubai jeusi la kuvua na kuvika. Baba alipofariki kilibaki bandani nyumbani kwetu, juu ya Nyaramba, nami nilikuwa nakwenda mara kwa mara kukiwasha kisije kikafa. Kazi ya turubai ilikuwa ya mama. Baba alimwonyesha mara moja, naye akaishika kama anavyoshika Maandiko.

Mvua zikipungua analivua. Analipiga vumbi kwa ufagio laini, kisha analiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche. Jua kali hulikakamaza, kwa hiyo anasubiri jioni. Ukungu anautoa kwa siki. Zipu anazisugua kwa mshumaa zisikwame, mipira ya kingoni anaipaka poda isigandane, na dirisha la plastiki analifuta kwa pamba iliyolowa, polepole, huku akiimba nyimbo za kanisani chinichini. Mwisho analipaka nta na kulitundika kwenye waya chini ya upenu, nje ya chumba chake cha kulala, penye kivuli na upepo.

Sasa hebu simama barabarani, wewe usiyejua chochote kuhusu magari. Giza linaanza kuingia, unamwona mjane amechuchumaa peke yake juu ya kitambaa kikubwa cheusi. Ana mshumaa. Ana poda nyeupe mikononi, ana chupa ya kitu kinachonuka, na midomo inamcheza. Kwetu hiyo inatosha kuitwa mchawi. Kwetu wazee wamechomwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na nikisema hivyo nasema kwa aibu na kwa hasira, maana hao ni watu wangu.

Mwaka huu ng'ombe wa jirani yetu wa chini alikufa. Jirani huyo ni mzee wa kanisa letu. Hatuna naye damu, lakini tangu utotoni nimemwita baba mdogo. Daktari wa mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Watu wakasema la, ni yale maji meusi ya turubai yaliyoteremka mpaka kwenye majani ya yule ng'ombe. Nilipohadithiwa nilicheka, haki ya Mungu nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mama hakucheka.

Baada ya hapo akina mama waliozoea kumsaidia kuchuma majani chai walianza kuwa na shughuli zao. Kanisani, benchi lake likabaki na yeye na mkoba wake. Siku moja alimwambia mtoto wa njiani "Bwakire", salamu ya asubuhi tu, na mtoto akatimua mbio. Haya alinisimulia kwa simu bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Kisha nikaanza kusikia burashi. Kila nikimpigia jioni, naisikia nyuma ya sauti yake, kwaru kwaru.

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha turubai."

"Si uliliosha jana?"

"Naliosha tena."

"Mama! Utalimaliza! Nta yote imeshatoka, nyuzi zitaoza!"

"Najua, mwanangu."

Alijua kweli. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba turubai huuawa na kuoshwa kuliko kuchakaa. Nikaogopa. Nilidhani ni uzee, kwamba akili inaanza kumpotea na mikono imebaki ikirudia kazi ambayo kichwa kimesahau. Nikawa nalala na wazo hilo na kuamka nalo.

Halafu akasema, "Njoo Ijumaa. Fika kabla jua halijazama."

Mama yangu haombi. Ukienda anafurahi, usipokwenda anakuombea. Niliposikia "njoo", nilijua kuna jambo.

Ijumaa nilifunga duka mapema na kwenda. Turubai lilikuwa pale kwenye waya, linachuruzika maji. Weusi wake ulikuwa umekwisha, limekuwa la kijivu, na mishono imefumuka. Nikalisogelea nikiwa tayari kugomba. Harufu ikanipiga kabla sijafungua mdomo. Mimi nashinda na harufu ile dukani, siwezi kuikosea.

"Wee mama! Nani amekwambia uoshe turubai kwa petroli? Petroli inakula mpira, inakula..."

"Si mimi," alisema.

Akatazama barabarani kwanza, ndipo akaniambia. Tangu wakati wa kupalilia mahindi alikuwa akiamka baadhi ya siku na kukuta turubai limemwagiwa. Si kila siku. Wanapotaka wao. Hajamwona mtu, hajasikia hatua. Ndipo akaanza kulifua kila jioni, petroli itoke, na usiku ulikute limelowa, kwa sababu kitu kilicholowa hakishiki moto upesi.

"Lakini mama, si ungelitoa hapa tu! Liko kwenye ukuta unaolala!"

"Nikilitoa watamwagia mlango. Afadhali wamwagie kitu ninachoweza kufua."

"Na chifu je?"

"Nimpelekee jina la nani?"

Sikuweza kujizuia. Nilitoka mpaka langoni nikapiga kelele za kuamsha kijiji. Nikasema aliye mwanamume na atoke mchana, aje na kibiriti chake anioneshe! Nikatukana matusi ambayo mama hajui kama nayajua. Hakuna mlango uliofunguka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akianua nguo zake aliendelea kuanua, taratibu, bila kugeuka.

Aliyetokea ni baba mdogo peke yake. Alisimama upande wa pili wa ua, kofia mkononi.

"Kuna nini, mwanangu? Pole. Tutaliombea jambo hili."

Nilimshukuru. Kwa kweli, wakati ule nilimshukuru kwa moyo wote. Akatazama juu ya bega langu mpaka kwenye upenu.

"Mama yako analipenda sana lile turubai," alisema. "Unalala leo?"

"Hapana, narudi Suneka na gari."

"Na mama?"

Sijui ni nini kilichonishika ulimi. Alikuwa ameuliza kwa upole, kama mtu yeyote angeuliza. Lakini nikajisikia nikijibu, "Mama anabaki."

"Vizuri," alisema baba mdogo, akavaa kofia yake.

Nilirudi ndani nikamwambia mama tunaondoka sasa hivi, tena hakuna mjadala. Alikataa. Ana kuku, ana majani chai, ana kaburi la mume wake. Nilipopiga magoti na kuanza kulia ndipo akaenda kuchukua blanketi. Nilitaka kulivika gari turubai ili nimfiche humo, lakini akanishika mkono.

"Wakiona halipo, watajua sipo."

Basi tuliliacha likining'inia. Tukaacha na taa ya sola ikiwaka chumbani kwake. Mama yangu, mama wa watu, mwimbaji wa kwaya, akalala sakafuni nyuma ya kile kigari kisicho na paa, nami nikamfunika kwa majani ya migomba na kumpangia mikungu ya ndizi pembeni. Nikajiona nampakia kama mzigo wa soko. Njiani watu walinipungia, na mmoja akauliza, "Umemwacha mama salama?"

"Salama kabisa!" nikajibu, na nyuma yangu majani hayakutikisika hata kidogo.

Tulipoupita mji wa Nyamira nilisimama. Alijiinua, nywele zimejaa vipande vya majani, na manyunyu yakaanza kutupiga usoni.

"Sijawahi kupita Nyamira nimelala," alisema.

Tulicheka wote wawili. Kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kilinitetemesha mpaka Suneka.

Jumamosi aliishika Sabato yake sebuleni kwangu, na Biblia magotini. Jumapili asubuhi alikuwa anachagua maharagwe nami nakanda unga wa chapati simu ilipolia. Mikono ilikuwa na unga, kwa hiyo niliibonyeza kwa kiwiko na kuiacha ipaze sauti juu ya meza. Alikuwa baba mdogo, na alikuwa analia.

"Mwanangu, kaa chini. Mama yako ametutoka. Nyumba imeungua usiku, imeanzia pale kwenye turubai. Tumekimbia na ndoo, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kwa nje. Shetani gani huyu, jamani!"

Mama alikuwa ameacha kuchagua.

"Tulimsikia," alisema baba mdogo, akivuta kamasi. "Tulimsikia akiita, mwanangu. Alikuwa anaita jina lako mpaka mwisho."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika harage moja kati ya vidole viwili. Akaliweka chini, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia simu, na kwa sauti ileile ambayo humsalimia nayo mlangoni mwa kanisa, akasema:

"Bwakire."

Simu haikujibu. Tulimsikia akipumua, kisha ikakatika.

Nilitaka mama anililie, apige kelele, avunje kitu. Yeye alivuta ungo akaendelea na maharagwe, mabovu huku, mazima huku.

"Jana lilikauka," alisema baadaye. "Hapakuwa na mtu wa kulilowesha."