Bwawa Lililokatwa Meza

Bwawa lenyewe lilikuwa dogo, si mbali na Silibwet, katika bonde lililozungukwa na majani chai pande tatu. Upande wa nne ulikuwa shamba la jirani mmoja mwenye mikaratusi, miti inywayo maji sana, na ambayo kuni zake huishia katika matanuri ya viwanda vya chai. Bwawa lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, kisha likasahauliwa, na katika kusahauliwa huko likaneemeka. Matete yalizidi kimo cha mtu. Mnana walisuka viota vyao kwenye matete hayo kwa kelele zinazolingana na za soko la Sotik. Kereng'ende wekundu walitua juu ya majani yaliyoinamia maji, kila dume akilinda kipande chake kwa wivu wa mtu mwenye hatimiliki. Na pale ng'ombe walipozoea kukojolea tope, vipepeo weupe na wa manjano walikusanyika asubuhi kufyonza chumvi, jambo ambalo halina ushairi wowote lakini ni la kweli.

Jirani alikuwa ameomba bonde hilo apande mikaratusi yake hadi majini. Chifu msaidizi aliamua kungoja. Kikundi cha watazama ndege kutoka Nairobi, ambacho mimi, mtafiti wa ndege na wadudu, ndimi niliyekialika, kingekuja Jumamosi. Wageni wakikubali kulifanya bwawa kituo cha ziara zao, lingebaki. Wasipokubali, jirani angepewa bonde.

Maandalizi yalikabidhiwa kamati, na kamati ikakabidhiwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuona kitu kilichosimama vizuri bila kukinyoosha. Sharti nieleze hapa kwamba katika nchi yetu mmea ulioachwa urefuke ni aibu. Mchai usiochumwa huwa mti, na mwenye shamba la miti ya namna hiyo huombewa kanisani pamoja na wagonjwa. Mchai mwema ni ule uliosawazishwa juu kama meza, na wachumaji hulaza ufito mrefu juu yake ili kuhakikisha kwamba hakuna jani lililothubutu kuwazidi wenzake.

Nilifika Ijumaa alasiri. Kamati ilikuwa imeleta wachumaji wa chai, nao walikuwa wamelipogoa bwawa zima. Matete na vichaka vyote vilisimama usawa wa kiuno, vimenyooka kwa ufito kuanzia ukingo hadi ukingo. Viota vya mnana, kwa kuwa vilionekana takataka, vilikuwa vikifuka moshi katika lundo. Tope la vipepeo lilikuwa limemwagiwa maramu, ule udongo mwekundu wa barabara, na mawe yalikuwa yamepakwa chokaa, kana kwamba gavana angepita.

"Chamgei, Daktari!" mwenyekiti alinipokea kwa mikono miwili. "Sasa hata wewe utaona ndege bila kuchungulia."

"Ndege gani, Mwalimu?"

"Si hao wenye walikuwa wanajificha! Tumewaondolea maficho."

"Mmewaondolea nyumba."

"Wee! Ndege ana mabawa, atajenga ingine. Mgeni atoke Nairobi aje aone kichaka? Atasema watu wa hapa ni wavivu."

Kiongozi wa wachumaji, mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Kisii, alikuwa akisafisha panga lake kwa nyasi. Alidhani namlaumu yeye.

"Mzee, usinitolee macho," alisema. "Tuliambiwa meza, tumetoa meza. Weka hata sahani hapo, haitaanguka."

Alisema kweli. Sijaona kazi iliyonyooka zaidi.

Wageni walifika asubuhi wakiwa na darubini shingoni na kofia zenye mifuko. Kiongozi wao, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, alitazama bonde lile kwa muda mrefu, akashusha darubini, akaipangusa, akatazama tena.

"Mnana wako wapi?" aliuliza.

"Wametoka kidogo," mwenyekiti alimjibu, kama mtu anayewasemea wapangaji. "Watarudi. Mnywe chai kwanza, mama."

Chai ikanywewa. Kwarara mmoja, ndege wa mdomo mrefu, alitembea juu ya maramu akiidonoa, bila shaka akitafuta tope. Hatimaye kereng'ende mmoja mwekundu alitua juu ya kibao cha kuwakaribisha wageni, na darubini zote zikamwelekea. Mwenyekiti alikwenda kusimama kando ya kibao, akarekebisha tai yake, akangoja apigwe picha. Kereng'ende aliondoka.

Kabla ya saa sita kiongozi wa wageni alimshika mwenyekiti mkono kwa heshima. "Mwalimu, mmetupokea vizuri sana. Lakini hapa hakuna kitu cha kutazama. Hatutaweza kuwaleta watu."

"Hakuna kitu? Na vile tumepanga?"

"Ndiyo, Mwalimu. Mmepanga."

Baraza liliitwa wiki iliyofuata. Nilisimama nikaeleza kwamba matete huota tena yakiachwa, nikasikilizwa kwa adabu ile wanayopewa wasomi na wafiwa. Kisha mwenyekiti akatangaza kwamba ndege wa bonde lile hawana shukrani, na kwamba yeye mwenyewe anaunga mkono miti, kwa kuwa mkaratusi hukua ukiwa umenyooka. Watu walipiga makofi.

Jirani alipewa bonde, akapanda mikaratusi mvua zilipoanza. Bwawa limekauka.