Mwanamke wa Breki na Maandazi ya Dada Yake

Harufu inalitangulia gari. Orlinda Archuleta anainua pua kabla ya kuinua macho, kama mpishi aliyekumbuka sufuria yake jikoni.

"Huyo anakuja," anasema. "Na anakuja akiungua."

Kweli, gari jeupe la familia linachomoza kwenye kona, baiskeli mgongoni, namba za Kansas. Moshi mwembamba unavuja kwenye magurudumu ya mbele. Orlinda anaingia katikati ya barabara, mkono mmoja juu, mwingine umeshika kipimajoto chenye umbo la bastola. Analenga gurudumu. Kikomo cha joto la breki hapa Mlima Pedregosa ni digrii mia tatu za Farenhaiti. Kioo kinasoma mia tano na kumi.

"Weka pembeni, bwana. Nusu saa, breki zipoe."

"Nusu saa?" Dereva, mkulima wa ngano aitwaye Darrell Koehn, anatupa jicho ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha mbao chenye foleni na bango la maandazi ya moto. Anacheka kama mtu aliyeshaonywa. "Yule ndiye dada yako, sivyo?"

 Swali hilo Orlinda amelizoea kama mvua ya mchana.

Ana miaka hamsini na miwili, na hiki ni kiangazi chake cha kumi na moja akipima breki hapa katikati ya mlima, mahali ambapo anayetoka kileleni amemaliza nusu ya mteremko na nusu iliyobaki ndiyo mbaya. Familia hupanda na watoto wao kukanyaga theluji ya Julai na kupiga picha na mbuzi wa mlimani. Kupanda hakumshindi mtu. Tatizo ni kurudi. Watu wa nchi tambarare hukanyaga breki toka kileleni bila kuinua mguu, na gia zimekaa bure.

"Breki zikichemka, pedali inazama kama umekanyaga uji," anasema Orlinda. "Hapo hata usali kwa sauti, gari halina masikio."

Sasa, mji wa Las Tuzas uko chini ya mlima huu, na pale umbea ni kitoweo. Umbea mtamu kuliko wote ni kwamba Orlinda husimamisha magari ili dada yake, Fidelia, auze maandazi. Ulianzia saluni, ukapita kanisani, ukaishia mtandaoni, ambako watalii huonyana: msimsikilize yule mama wa breki, ni mbinu ya biashara.

Fidelia mwenyewe huona kichekesho. "Kama ni mbinu, mbona bado naendesha gari lililozeeka kuliko mume wangu wa pili?"

Orlinda hacheki. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa, kuanzia Mei hadi Septemba. Wakati wa baridi anafua mashuka ya hoteli. Senti ya maandazi haijui. "Lakini nani atakuamini?" anasema. "Wewe unasema hatari, na pua yake inasema sukari."

Mchana huu, kuaminiwa kunageuka kuwa jambo la uhai.

Mlango wa nyuma wa gari la Kansas unafunguka. Mke wa Darrell, Janelle, anashuka na binti yao Tessa, mwenye miaka sita, amelala begani. Mtoto ametapika tangu kileleni. Hewa nyembamba ya juu imemshinda. Midomo imeingia rangi ya zambarau.

"Darrell, namwita haitiki!"

"Umesikia?" Darrell anamgeukia Orlinda. "Mtoto wangu anaumwa, wewe unanipimia magurudumu! Pisha njia!"

Orlinda anakimbilia kijitungi cha oksijeni kwenye kibanda chake cha ukaguzi na kumvisha mtoto barakoa. Kinasaidia kidogo, lakini dawa ya ugonjwa huu ni kushuka, tena upesi. Anaita kwa redio. Walinzi wa mlima wako kileleni na mzee aliyeanguka. Gari la wagonjwa ndiyo kwanza linaondoka mjini.

Maji yamezidi unga.

"Mama, niambie ukweli," Janelle anamshika mkono. "Mbele ya Mungu. Siyo maandazi?"

"Siyo maandazi, mwanangu."

"Ingia garini, Janelle!" Darrell yuko kwenye usukani.

Orlinda anasimama mbele ya boneti, viganja juu ya bati la moto.

"Toka, mama. Nitakugonga."

"Nigonge. Jina ni Orlinda Archuleta. Usikosee herufi polisi wakikuuliza."

"Darrell," inasema sauti ya mama mkwe kutoka kiti cha nyuma, "mimi nilisema twende ziwani."

Darrell anawasha injini. Anakanyaga breki ili aingize gia.

Mguu unazama. Anakanyaga tena, na tena unashuka hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Uso wake unaishiwa damu. Mkono unaachia gia polepole, kama unaachia nyoka. Injini inazimwa, na mlima mzima unasikika.

"Fidelia!" Orlinda anapaza sauti kuvuka barabara. "Gari lako!"

Gari la Fidelia limeegeshwa pale tangu asubuhi. Breki zake ni baridi kama jiwe la kisima.

"Mafuta yako motoni, Linda! Na hawa watu wote!"

"Zima! Waache!"

Fidelia anautazama mzigo ulio begani kwa Janelle. Anazima jiko, anaitupa aproni juu ya kaunta. Kiti ni kimoja kirefu, kinatosha yeye, mama na mtoto. Gari linanguruma kwa gia ndogo, na taa zake za breki haziwaki hata mara moja mpaka kona inalimeza.

Darrell anakaa juu ya jiwe. Radi inagonga kilele. Orlinda anarudi barabarani, maana magari hayajaacha kushuka. Mia mbili na arobaini, pita. Mia tatu na sitini, pembeni. Leo hakuna anayebisha. Ng'ambo, sinia la maandazi linapoa na hakuna muuzaji.

Darrell hamwangalii mtu. Anaangalia redio.

Inapokoroma, ni sauti ya Fidelia kutoka lango la chini. "Linda? Mwambie baba yake mtoto amefumbua macho. Yuko na madaktari. Unajua kauliza nini? Kauliza kama nina andazi! Nami sina hata moja, nimeyaacha yote huko kwako!"

Darrell anafunika uso kwa kofia. Akiisha kujifuta, anavuka barabara, analitazama sinia, anatoa pochi.

"Nipe yote."

"Mimi siuzi maandazi, bwana," anasema Orlinda. "Msubiri mwenyewe."

Gari la Kansas lilishushwa siku ya pili yake, juu ya gari la kuvuta. Tessa alilala hospitalini usiku mmoja, akatoka na sukari mashavuni.

Orlinda sasa ana ombi moja, na amekwisha kumfikishia dada yake mara tatu: Mei ijayo, kibanda kihamie chini, baada ya kona ya mwisho. Akisema simama, mtu asisikie harufu nyingine ila ya breki zake mwenyewe.

Fidelia, mikono kwenye unga, amekwisha kukubali, ila hakosi neno. "Nikihama, watasema unawaruhusu haraka haraka ili wawahi kununua kwangu."

"Waseme," anajibu Orlinda, macho kwenye kona. "Mradi wayaseme wakiwa wameshafika chini."