Mama Yuko mu Travail

Kwanza niliisikia sirene. Nilikuwa nimepakiwa nyuma ya ndugu yangu kwenye pikipiki yake ya taksi, kitambaa puani na macho nimeyafumba kwa ajili ya vumbi. Ikalia kutoka upande wa mgodi wa Mashamba, ndefu, ikishuka mwishoni kama mtu anayekaa chini polepole. Nikajua tumefika Dilala, mtaa wetu wa zamani, kabla sijafumbua macho. Wenye mgodi wamebadilika na sirene si ileile. Hii ni nyembamba zaidi. Lakini mwili haukujali. Ulitaka kwenda kukaa kizingitini.

Zamani, rafiki yangu, ile sirene ndiyo iliyokuwa saa yetu. Ikilia asubuhi, akina baba walitoka kwenye nyumba za kampuni. Ikilia jioni, walirudi na vumbi jekundu kwenye kope. Katikati kulikuwa na kazi zetu sisi tuliobaki. Nilipepea makala, mkaa wetu, kwenye jiko la mbabula; nkambo, mama yake mama, akatwanga sombe, majani ya muhogo, na bitoyo, wale samaki wa chumvi, wakatuachia harufu yao kwenye nguo mpaka kanisani.

Nilikuwa darasa la kwanza. Juma hilo mwalimu alitufundisha kusema kwa Kifaransa kwamba baba anakwenda kazini: au travail. Nilizunguka na neno hilo mdomoni kama pipi. Basi asubuhi moja jirani yetu, mkunga wa maternite, hospitali ya wazazi, akaja, akamshika mama tumbo, akamwambia nkambo, "Iko mu travail. Naenda naye. Weye bakia na mutoto." Mama akachukua beseni lenye vitenge. Nami nikafurahi: mama naye amepata kazi.

Anayekwenda kazini hurudi sirene ikilia. Hilo nililijua vizuri. Jioni nikakaa kizingitini. Fundi cherehani wa nyumba ya pili, mtu wa mzaha, akaniita kama msimamizi wa kazi, "Weye kapita, leo unahesabu batu benye kutoka kazi?"

"Mi nangojea mama. Iko mu travail."

Alicheka, kisha akaacha. Akarudi kwenye cherehani yake, lakini sikuisikia ikizunguka.

Baba alipofika aliambiwa kitu na nkambo, akageuka na viatu vyake vya mgodini, akaenda. Nkambo akasonga bukari, akaweka sehemu ya mama chini ya sahani iliyofunikwa. Giza likiingia, mkunga akarudi na beseni. Ndani yake vitenge vilikuwa vimekunjwa vizuri mno, na mkononi alikuwa na kitoto.

"Mama amemaliza kazi?" nikauliza.

"Amemaliza, mama," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayejibu mkubwa mwenzake. "Njoo uone ndugu yako."

Sirene iliendelea kulia, nami niliendelea kwenda kukaa. Hakuna aliyenikataza. Siku fulani nkambo alinisogezea sahani yangu na kusema, "Kula, mama, inapoa," na ilikuwa imeshapoa. Nilikula. Sikumbuki kwamba nililia. Nakumbuka sombe lilikuwa na chumvi kidogo.

Miaka baadaye, Lubumbashi, nikijifunza Kiingereza, nikakutana na neno lile ukurasani, herufi kwa herufi: travail. Nikadhani nalifahamu. Kamusi ikasema ni mateso, mateso mazito, pia uchungu wa kuzaa. Ikasema Waingereza walilipokea kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa katika neno la Kilatini la vigingi vitatu ambavyo mtu alifungwa ili ateswe. Kwa Wafaransa lilisuguliwa na midomo mpaka ikabaki kazi, na uchungu kwa wakunga tu. Kwa Waingereza maumivu yalibaki ndani yake, na kutoka kwenye shina hilohilo wakapata pia neno lao la kusafiri. Kazi, mateso, safari. Nikaifunga kamusi, nikaenda kuosha mchele. Niliwaza tu kwamba yule mtoto wa kizingitini hakuwa amekosea sana.

Ndugu yangu, yule aliyeletwa na mkunga, akasimamisha pikipiki. Nyumba ni tupu; baruti za mgodi zimeipasua kuta, na waliokuwa wameinunua wamehama. Mlango haupo. Mtu ameung'oa na fremu yake. Cherehani haipo, mbabula hazifuki, na nkambo yuko makaburini karibu na binti yake.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, bado ameketi juu ya pikipiki. Hakuwahi kuniuliza. "Ile siku, mama alisema nini? Ya mwisho."

"Alisema, 'Funga mlango, kuku isiingie.'"

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu."

Alitikisa kichwa, akatazama pale mahali pa mlango. Alikuwa ametarajia jina lake, nadhani. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Mama alikuwa ameshika beseni kiunoni, mkunga akimshika mkono wa pili. Aligeuka kwenye ngazi akasema hivyo, kwa sauti ya kila siku. Kuku alikuwa tayari ameinua mguu. Nikamsukuma nje, nikaufunga mlango nyuma ya mama.