Funga Mlango, Baba Anapoa

Ninafundisha shule ya msingi Dongobesh, mahali ambapo mtu akisema ana kiyoyozi nyumbani utamuuliza kama ana akili timamu. Huku juu tunavaa sweta mpaka saa nne asubuhi, na miezi mingine hatuvui kabisa. Kwa hiyo nikiwaambia walimu wenzangu kwamba Jumamosi zangu zimeishia kwenye kusafisha kiyoyozi, kwanza wanacheka, halafu wanauliza ni cha nani. Ni cha baba yangu, kule chini Balangdalalu, kwenye joto.

Baba alianguka kutoka juu ya trela la trekta wakati wa kubeba mbaazi, akavunjika shingo. Alipona kwa maana ya kutokufa. Kuanzia kifuani kwenda chini mwili haukusikia tena, na daktari alituambia jambo ambalo hatukulitegemea: sehemu hiyo haitatoa jasho tena. Joto la chumba likipanda, na la Baba linapanda, na mwenyewe hatajua mpaka aanze kuweweseka. Oktoba ya kwanza, mabati yakiwa yamewaka, tulimkuta anaongea na kaka yake aliyekwisha kufa. Kipimajoto kilisoma thelathini na tisa na nusu. Ndipo mdogo wangu anayefanya kazi mjini akanunua kiyoyozi, akaleta fundi akakifunga, akarudi kazini kwake. Kukitunza kukawa juu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma kitabu cha maelekezo.

Sikulalamika. Mimi ni mtu wa hatua kwanza, hatua pili. Ng'ombe wa kijiji kizima hupita nyuma ya nyumba yetu kwenda kunywa lamboni, na vumbi lao lote huishia kwenye chujio. Nilikuwa nalitoa kila Jumamosi, nalisuuza kwenye beseni, nalianika kivulini. Mashine ya nje niliizungushia uzio wa miba baada ya ndama kuanza kujikuna kwenye bomba lake, lakini niliuweka mbali kidogo, maana mashine ikibanwa haiwezi kulitoa lile joto. Kwenye rimoti nilibandika plasta juu ya kitufe cha kushushia, kwa sababu Mama aliamini ukiweka kumi na sita chumba kitapoa haraka kuliko ukiweka ishirini na tano. Na mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa umeme ulikuwa mdogo, kwa hiyo tukafunga stabilaiza ya kuusawazisha. Niliyajua haya yote na nilijisifu kimoyomoyo.

Oktoba iliyofuata chumba kikakataa kupoa. Upepo ulitoka, na ukiweka mkono ulikuwa baridi, ila saa nane mchana Baba alikuwa na thelathini na nane. Nilisafisha chujio mara mbili siku hiyo hiyo. Nilimwagia maji mashine ya nje, nikachokonoa kwa brashi ya viatu yale mabati yake membamba yaliyopangana. Nikapiga simu Babati.

Fundi alikuja Jumamosi ya pili, mtu mzima, mpole, akapima gesi, akapima umeme, akasikiliza mashine ya nje kama anayesikiliza kifua cha mtu. Kisha akaomba akae chumbani. Akakaa kwenye kigoda karibu saa nzima, bila kugusa chochote.

"Dada mwalimu," akaniambia tulipotoka nje, "mashine haina ugonjwa. Wenye shida ni ninyi. Nimehesabu watu kumi na mmoja mle ndani, na mlango mmeuegemezea jiwe usijifunge."

Ilikuwa kweli, na nilikuwa nimeshaizoea kiasi cha kutoiona. Kwetu mgonjwa hatembelewi tu, anakaliwa. Wanakuja asubuhi, wanakaa, mmoja akiondoka wawili wanaingia, na mwenye nyumba anayefunga mlango mchana ana jambo analolificha. Mama ndiye aliyeweka jiwe. Baada ya kiyoyozi kufungwa, watu wawili walikuja wakakuta mlango umefungwa, wakageuka. Jumapili kanisani akasikia kwamba siku hizi nyumba ile ni ya kupigia hodi kama ofisi. Nilipomwambia Mama alichosema fundi, alinijibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo methali umeifundisha wewe mwenyewe darasani."

Nikamwambia methali haina kipimajoto. Niliandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, nikaibandika mlangoni kwa nje: WAINGIE WAWILI TU. FUNGA MLANGO. Jiwe nikalitupa uani.

Wa kwanza kurudishwa mlangoni alikuwa rafiki mkubwa wa Baba, mzee mfugaji wa bonde letu, mtu wa shuka na fimbo, ambaye alikuja kila siku baada ya kunywesha ng'ombe. Baba mkulima na yeye mchungaji, waligombania mpaka wa shamba miaka mingi, halafu wakapatana na hawakuachana tena. Nilimpa shikamoo, nikamweleza kwamba ndani wameshafika wawili. Hajui kusoma, akamwomba mtu amsomee karatasi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sawa, mwalimu," akasema, akaondoka.

Chumba kilipoa. Siku hiyo hiyo kilishuka hadi ishirini na tano, na Baba akawa na thelathini na sita na nusu mchana wote. Niliandika namba hizo kwenye daftari kwa furaha ya kweli. Wiki ya pili watu walipungua. Wiki ya tatu alikuwa anakuja mmoja, au hakuna. Mama alinuna. Baba alitazama dari, akala kidogo, na mimi niliona kula kidogo si neno kwa mtu asiyetembea. Kuhusu karatasi hakuna aliyemwambia. Ilikuwa upande wa nje, na mimi sikuona haja.

Jumamosi moja ya Novemba umeme ukakatika saa saba mchana. Si mara ya kwanza, nikafungua dirisha na mlango, nikaanza kumpepea kwa ungo. Saa nane haukuwa umerudi. Nilipiga simu kwa watu wa umeme, nikaambiwa nguzo imeanguka, mafundi wako njiani. Saa nane na nusu Baba aliniita kwa jina la dada yake. Thelathini na tisa. Tenki letu lilikuwa na maji ya kulowesha shuka mbili tu, na tulipomaliza kumfunika nazo zilikauka juu yake upesi kama nguo zilizoanikwa kwenye mabati. Niliogopa sana. Sikujua hatua inayofuata, kwa sababu kitabu cha maelekezo kiliishia kwenye umeme.

Mama alitoka nje akapiga yowe, akaita maji.

Sikuhesabu dakika. Nilisikia miguu na ndoo zikigongana, kisha kimya. Nikaendelea kupepea nikingoja waingie. Hawakuingia. Mama alikuwa amesharudi upande wa pili wa kitanda, anamshika Baba kichwa. Nikageuka. Mlangoni, nje ya kizingiti, alisimama yule mzee na ndoo ya maji ya lambo, rangi ya chai ya maziwa. Nyuma yake walikuwa wanawake na wanaume wengi, kila mmoja na chombo chake, wamesimama kwenye jua.

"Mwalimu," akauliza, "ndani mko wangapi?"

"Wawili," nikajibu bila kufikiri. "Mimi na Mama."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma hatua moja, akaweka ndoo chini, akangoja.

Hakuwa ananidhihaki. Nilimtazama uso nikaona hivyo, na hapo ndipo aibu ikanipata, aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashusha macho. Nilipaza sauti waingie, waingie wote, na nilikuwa nalia. Walijaza chumba mpaka ukutani. Walilowesha shuka, khanga, magunia. Waliopata nafasi walipepea kwa ungo na sahani za bati, na waliokosa walipokezana ndoo kutoka lamboni mpaka dirishani. Hivyo hivyo kwa zaidi ya saa moja na nusu. Thelathini na nane na nusu. Thelathini na nane. Thelathini na saba na pointi sita.

Baba alifumbua macho vizuri, akawazungukia watu wote kwa macho, mmoja mmoja, taratibu.

"Mmekuja," akasema. "Nilidhani mmenichoka."

Mama alinitazama. Nilifungua mdomo ili niseme, na yule mzee akaniwahi.

"Ni ukame, ndugu yangu," akamwambia, huku anamfuta shingo. "Lambo lilikauka, tukapeleka ng'ombe mbali sana. Tumerudi juzi."

Maji ya lambo hilo hilo yalikuwa yanachuruzika kwenye mkono wake mpaka kiwiko. Niliinama nikaendelea kukamua shuka.